Hatua Moja Tena, Tufike: Kisa cha Wafalme wa Sukari

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyasoma mazungumzo haya gazetini, juma hili naomba ruhusa ya kuiacha kandanda yetu ipumzike kidogo. Simba na Yanga wapo, hawaendi kokote. Nataka nikueleze habari za timu moja iliyokuwa na jiji, uwanja, mashabiki na kombe, kisha ikafutwa ingali safarini, hata nafasi ya kurudi nyumbani kuaga isipewe.

Habari hizi zilinifikia kwa njia ya homa. Mwaka 1986 nililazwa siku nne katika hospitali moja ya mkoa kwa malaria, na aliyenitibu alikuwa daktari wa Kicuba. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alikuwa mtu wa maneno mengi. Kila jioni, baada ya kuwazungukia wagonjwa, alivua koti jeupe na kuvaa kofia ya kitambaa yenye ukingo mbele, iliyokwisha kupauka, kisha akaketi kwenye benchi lililokuwa nje ya wodi. Nilipopata nguvu nilimfuata kuzungumza. Nilimwuliza kofia ile ni ya nini. Akanijibu kwamba alipokuwa na umri wa miaka tisa, baba yake alimbeba mabegani wakatazama jiji zima la Havana likilia kwa furaha usiku mmoja. Kisha akasema, "Mwaka uliofuata, timu yetu ilichukuliwa." Nilidhani nimemsikia vibaya. Timu inachukuliwaje? Kombe huchukuliwa, mchezaji huchukuliwa, lakini timu nzima?

Swali hilo sikuliacha. Miaka ikapita, nikasoma hapa na pale, na sasa naweza kukusimulia.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Kwa wasioujua, nitaueleza kwa ufupi. Waliowahi kutazama kriketi katika viwanja vya Dar es Salaam au Nairobi hawatapata taabu. Mrushaji husimama katikati na kumvurumishia mpigaji mpira mgumu. Mpigaji ana rungu la mti. Akiupiga mpira vizuri, anakimbia kuzunguka vituo vinne, na akifika cha mwisho, kinachoitwa nyumbani, timu yake inapata pointi moja. Kila timu ina zamu tisa za kupiga. Kama wamelingana, wanaongeza zamu mpaka mshindi apatikane. Kwa desturi ya mchezo huo, watu hawarudi makwao na sare.

Marekani ndiko mchezo huu ulikokulia, lakini usije ukamwambia Mcuba kwamba ni mchezo wa kigeni. Vijana wa Kicuba waliokwenda kusoma Marekani waliurudisha kisiwani mwao katika miaka ya 1860. Wakati huo Cuba ilikuwa koloni la Hispania, na Wahispania walipenda watu waende kutazama mapigano ya fahali. Kwa hiyo kijana aliyeshika rungu la besiboli alikuwa anasema jambo bila kufungua kinywa: mimi si Mhispania. Watawala walilielewa jambo hilo, wakautazama mchezo kwa jicho la shaka. Ilipofika mwaka 1878 Cuba ilikuwa na ligi yake. Na kuanzia mwaka 1900 ligi hiyo ilichezesha weusi na weupe pamoja, jambo ambalo ligi kuu ya Marekani haikulifanya hadi mwaka 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers.

Ligi ya Cuba ilichezwa majira ya baridi, na jiji liligawanyika pande mbili. Upande mmoja ni Almendares, jezi za bluu. Upande wa pili ni klabu iliyoitwa Habana, jezi nyekundu. Msikilizaji wa Kariakoo, au wa Nairobi anayewajua Gor Mahia na AFC Leopards, hahitaji maelezo zaidi. Ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa hawasemezani mpaka msimu uishe.

Majira ya joto je? Hapo ndipo kisa chetu kinapoanza.

Alikuwapo tajiri mmoja wa Havana aliyeitwa Roberto Maduro, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la Bobby. Familia yake ilikuwa na mali katika sukari, bima na mabasi. Alikuwa mmoja wa waliojenga Gran Stadium, uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1946 katika mtaa wa Cerro, wenye nafasi ya watu zaidi ya 30,000. Maduro alikuwa na ndoto moja tu, nayo ni kuona Havana ina klabu katika ligi kuu ya Marekani.

Wakati ule jiji hilo tayari lilikuwa na klabu ndogo, Havana Cubans, iliyocheza ligi ya chini pamoja na timu za Florida. Ligi hiyo ilikuwa na ubaguzi wa rangi, kwa hiyo klabu ya Havana, jiji la watu wa rangi zote, kwa miaka mingi ilipeleka weupe peke yao. Mcuba mweusi aliyecheza Almendares wakati wa baridi hakuweza kuivalia Havana Cubans wakati wa joto. Maduro aliinunua klabu hiyo mwaka 1953, kisha akapata nafasi katika International League, ligi iliyokuwa ngazi moja tu chini ya ligi kuu. Mwaka 1954 timu yake mpya iliingia uwanjani. Iliitwa Havana Sugar Kings, yaani Wafalme wa Sukari. Jina lilikuwa sahihi, maana Cuba ilikuwa sukari na sukari ilikuwa Cuba. Na kwa kaulimbiu yao walichagua maneno ya Kihispania yenye maana hii: hatua moja tena, tufike.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari. Katika mpangilio wa Marekani, timu haipandi daraja kwa kushinda. Kwetu, timu ya mkoani ikishinda ligi ya chini inapanda ligi kuu, na Simba ikivurunda sana inaweza kushuka. Kule sivyo. Klabu ya chini inaweza kuchukua kombe miaka kumi mfululizo na ikabaki pale pale. Ni kitalu cha miche. Mche ukistawi unang'olewa na kupelekwa kwenye shamba la mkubwa, na kitalu kinabaki kitalu. Ili klabu iingie ligi kuu, wenye klabu kuu, ambao miaka hiyo walikuwa 16 tu, lazima wakubali kumkaribisha mwenzao. Kwa hiyo ile hatua moja iliyobaki, Wafalme wa Sukari hawakuwa na uwezo wa kuipiga kwa miguu yao wenyewe. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Lakini walijaribu. Mwaka wa kwanza watu karibu 300,000 waliingia uwanjani. Jezi ile ilivaliwa na Wacuba, Wavenezuela, watu wa Puerto Rico na Wamarekani, weusi na weupe. Kila majuma machache timu iliruka kwa ndege kwenda Miami, Richmond, Buffalo, Rochester, Toronto na Montreal. Fikiria, ndugu msikilizaji, ligi moja yenye timu za nchi tatu, kutoka baridi ya Kanada hadi joto la Karibi. Richmond, jiji la jimbo la Virginia, waliingia ligi hiyo mwaka ule ule wa 1954. Huko sheria za ubaguzi zilikuwa bado zinatumika, na mchezaji mweusi aliyeshangiliwa Havana alijikuta hana ruhusa ya kulala hoteli moja na mwenzake mweupe.

Klabu kuu iliyowalea Wafalme wa Sukari kuanzia mwaka 1955 ilikuwa ya Cincinnati. Na hapa kuna jambo la kuchekesha. Jina la asili la klabu hiyo ni Reds, yaani Wekundu. Lakini miaka hiyo Marekani ilishikwa na homa ya kuwasaka wakomunisti, na neno "wekundu" lilikuwa linatisha. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1953 klabu ilijiita Redlegs, Miguu Myekundu, ili mtu asije akadhani wanacheza kwa niaba ya Moscow. Jina la zamani walilirudia mwaka 1959. Mwaka huo huo mtoto wao waliyekuwa wakimlea Havana aliamka na kukuta nyumba yake imekuwa nyumba ya mapinduzi.

Vita vya msituni vilikuwa vimeendelea tangu mwisho wa mwaka 1956. Mwaka 1958 mabomu yalikuwa yanalipuka mjini Havana, na watu waliogopa kutoka usiku. Viti vya uwanja vilianza kubaki vitupu. Tarehe 1 Januari 1959 dikteta Batista alikimbia, na siku chache baadaye Fidel Castro na wapiganaji wake wenye ndevu waliingia mjini. Wengi wanasimulia kwamba Castro aliwahi kujaribiwa na klabu kubwa za Marekani kama mrushaji, na kwamba kama wangemchukua, mapinduzi yasingetokea. Ni hadithi tamu ya barazani, lakini wanahistoria waliochunguza hawakuona ushahidi wowote. Aliupenda mchezo kama Wacuba wengine walivyoupenda, basi.

Na kupenda alipenda kweli. Tarehe 24 Julai 1959, kabla ya mechi ya Wafalme wa Sukari, Castro alirusha mpira mbele ya umati akiwa na timu ya wapiganaji iliyoitwa Barbudos, yaani Wenye Ndevu, dhidi ya timu ya polisi wa jeshi. Camilo Cienfuegos, kamanda aliyependwa sana na watu, alikuwa amepangwa kucheza upande wa pili. Alikataa, akasema yeye hawezi kusimama dhidi ya Fidel hata katika mpira. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Miezi mitatu baadaye, mwishoni mwa Oktoba, ndege ya Camilo ilipotea na hakuonekana tena.

Usiku uliofuata, tarehe 25, Havana walicheza na Rochester. Jiji lilikuwa limefurika wakulima kutoka mashamba, waliokuja na kofia zao za ukili na mapanga kiunoni, kwa sababu tarehe 26 Julai ilikuwa kumbukumbu ya shambulio la kambi ya Moncada la mwaka 1953, na ilikuwa mara ya kwanza kuiadhimisha wakiwa washindi. Mechi ilikuwa sare, ikaingia zamu za ziada, na saa sita ya usiku ikagonga timu zikiwa bado uwanjani. Taa zikapunguzwa, wimbo wa taifa ukapigwa, na hapo bunduki zikaanza kulia, ndani ya uwanja na nje. Askari na wananchi walifyatua risasi hewani kwa furaha. Ndugu yangu, risasi inayokwenda juu lazima irudi chini. Mchezo uliendelea kidogo, kisha risasi moja ikampiga kichwani Frank Verdi wa Rochester, aliyekuwa amesimama kando ya kituo cha tatu kuwaelekeza wenzake. Alichomeka ndani ya kofia yake kinga ya plastiki, na kinga hiyo ndiyo iliyomponya. Nyingine ilimparuza begani Leo Cárdenas, kijana wa Havana mwenyewe. Waamuzi wakavunja mechi. Rochester wakakataa kucheza tena, wakapanda ndege kurudi kwao.

Hakuna aliyemlenga mtu. Lakini magazeti ya Marekani yaliandika, na kuanzia siku hiyo kila klabu iliyopangiwa safari ya Havana ilikuwa na la kusema.

Pamoja na hayo, timu ilianza kushinda. Kocha wao alikuwa Preston Gómez, Mcuba. Walimaliza msimu katika nafasi ya tatu, wakaingia mashindano ya mtoano, wakaifunga Columbus mara nne mfululizo, kisha wakaishinda Richmond. Sasa wakawa mabingwa wa ligi yao, na ikabidi wakutane na mabingwa wa ligi nyingine ya ngazi ile, Minneapolis Millers, katika fainali iliyoitwa Junior World Series. Ilikuwa fainali ya mechi saba, na wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa.

Mechi mbili za mwanzo zilichezwa Minneapolis mwishoni mwa Septemba. Baridi ilikuwa kali, na Wacuba wakawasha moto ndani ya pipa la taka kwenye banda la wachezaji ili wapate kuota. Mechi ya kwanza haikupata hata watazamaji 2,500, na ya pili walikuja kiasi cha 1,000 tu. Hali ya hewa ilipozidi kuharibika, wakuu waliamua mechi zote zilizobaki zichezwe Havana.

Huko mambo yalikuwa mengine kabisa. Uwanja ulijaa. Askari karibu 3,000 waliuzunguka, wengine wakiwa wameketi na bunduki zao pamoja na wachezaji. Castro alikuja, akaingia kwa miguu akitokea upande wa mbali wa uwanja huku watu wakipeperusha leso. Baadhi ya wachezaji wa Minneapolis walisimulia baadaye kwamba aliwapita, akaigusa bastola yake na kuwaambia kwamba leo Havana inashinda. Kama alitania au hakutania, wao wenyewe ndio wajuao.

Havana walitangulia kwa mechi tatu kwa moja. Minneapolis, waliokuwa na kijana wa miaka 20 aitwaye Carl Yastrzemski, ambaye baadaye alikuja kuwa nyota mkubwa wa Boston, wakasawazisha, tatu kwa tatu. Mechi ya saba ilichezwa tarehe 6 Oktoba 1959. Hadi zamu ya nane Minneapolis walikuwa wanaongoza kwa pointi 2 kwa 0. Havana wakarudisha zote mbili. Zamu ya tisa, Raúl Sánchez akiwa kituoni, Dan Morejón aliupiga mpira ukatua mbele ya walinzi. Sánchez akakimbia kama anayefukuzwa na moto, akafika nyumbani. Tatu kwa mbili. Umati ukamwagika uwanjani.

Huo ndio usiku ambao daktari wangu alikuwa mabegani kwa baba yake. Aliniambia kwamba hakumbuki mpira wala mkimbiaji. Anakumbuka jasho la shingo ya baba yake, na kwamba mzee yule, ambaye hakumwona akilia hata msibani, usiku ule alilia. Kila mmoja pale aliamini jambo moja, kwamba hatua moja tena, tufike.

Sasa sikiliza kilichofuata.

Kombe halilipi madeni. Klabu ilikuwa na madeni makubwa, na safari za ndege zilikula fedha nyingi. Tusidanganyane, si Havana peke yake iliyokuwa taabani. Televisheni ilikuwa imewaingiza Wamarekani majumbani, na ligi ndogo zilikuwa zinakufa kila mwaka. Mwaka 1949 zilikuwa 59, na ilipofika mwaka 1960 hata nusu hazikubaki. Castro aliahidi kwamba serikali itasaidia kuibakiza timu Havana. Maduro, tajiri, na Castro, mwanamapinduzi, hawakuafikiana kwa mambo mengi, lakini kwa hili walikuwa upande mmoja.

Uhusiano wa nchi mbili ukazidi kuharibika. Katika kiangazi cha mwaka 1960 Cuba ilitaifisha viwanda vya kusafishia mafuta vya makampuni ya kigeni. Tarehe 6 Julai Rais Eisenhower alikata kiasi cha sukari ambacho Marekani ilikuwa inanunua Cuba. Siku mbili baadaye, tarehe 8 Julai, mkuu wa International League, Frank Shaughnessy, alitangaza kwamba klabu ya Havana inahamishiwa Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa wachezaji. Kwa hiyo katika juma moja sukari ilikataliwa na Wafalme wa Sukari wakafukuzwa kwao.

Timu ilikuwa safarini. Wachezaji walikuwa wameondoka nyumbani na mabegi ya safari ya siku chache, wameacha wake, watoto na akiba zao. Wakaambiwa kwamba mechi yao ijayo ya nyumbani itachezwa New Jersey. Kocha wa mwaka huo, Tony Castaño, Mcuba, alijiuzulu, hakutaka kwenda. Napoleón Reyes, Mcuba mwenzake, akashika nafasi yake. Wachezaji wengi walikwenda. Usiwalaumu hao, wala usimlaumu Castaño. Mtu ana ufundi mmoja tu mikononi mwake, na siku moja anaambiwa achague kati ya ufundi huo na nyumbani kwao. Mimi sijui ningefanya nini.

Castro alipinga kwa maneno makali, akasema wachezaji wa Marekani hawakuwahi kutendewa ila kwa heshima nchini Cuba. Maduro naye aliuona uamuzi ule kuwa kosa, kwa sababu ulikata kamba moja iliyokuwa bado inawaunganisha watu wa nchi mbili. Hakusikilizwa. Jersey City nao hawakuipenda timu ile ya kuletewa. Ilicheza msimu wa 1961 mbele ya viti vitupu, ikafa. Nafasi yake katika ligi ilipelekwa Jacksonville, Florida. Timu iliyong'olewa penye mashabiki wake ikapandwa pasipo na mtu, ikanyauka. Walidai wanaiokoa.

Maduro alipoteza mali yake yote nchini Cuba, akahamia Miami. Alifanya kazi katika ofisi ya mkuu wa besiboli akishughulikia Amerika ya Kusini na Karibi. Mwaka 1979, akiwa mtu mzima, alijaribu tena. Alianzisha ligi ya kuunganisha miji ya Karibi na Miami, nayo ikavunjika kabla msimu haujaisha. Alifariki mwaka 1986, mwaka ule ule niliougua. Mwaka uliofuata Miami iliupa uwanja wake wa zamani jina lake, na mwaka 2001 uwanja huo ulibomolewa.

Na Cuba je? Mwaka 1961 michezo ya kulipwa ilipigwa marufuku. Almendares na Habana, bluu na nyekundu, zikafa pamoja na uhasama wao wote. Januari 1962 ilianza ligi mpya ya wachezaji wa ridhaa, na isiwepo dharau hapo, kwani ligi hiyo ilizaa timu zilizochukua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1992, 1996 na 2004. Wale waliobaki ng'ambo nao waling'ara. Mike Cuellar, mrushaji wa Wafalme wa Sukari, alipata mwaka 1969 tuzo kubwa kuliko zote za warushaji, akigawana na mwenzake mmoja. Cookie Rojas alicheza ligi kuu miaka 16. Leo Cárdenas, yule wa risasi ya begani, alikuwa na Cincinnati mwaka 1961 walipofika fainali ya ligi kuu. Kwa hiyo pande zote mbili zilipata ushindi wao. Kilichopotea ni ule uwezekano wa baba wa Havana kununua tiketi na kumtazama Cuellar kwa macho yake.

Tangu hapo daraja limejaribiwa mara chache. Mwaka 1999 Baltimore Orioles walikwenda kucheza na Wacuba katika uwanja ule ule wa Cerro, ambao sasa unaitwa Estadio Latinoamericano. Mwaka 2016 walikwenda Tampa Bay, Rais Obama na Raúl Castro wakakaa pamoja kutazama. Desemba 2018 wakuu wa besiboli wa nchi mbili walitia saini mkataba wa kuwaruhusu Wacuba kwenda kucheza Marekani kwa njia halali, bila kutoroka baharini. Aprili 2019, kabla mkataba haujamnufaisha hata mmoja, serikali ya Marekani iliufuta. Hatua moja tena, na tena hawakufika.

Ndugu msikilizaji, nimekusimulia haya kwa sababu nasikia watu wetu wakibishana kila siku juu ya vilabu: klabu ni ya nani? Ni ya wanachama, au ya tajiri anayelipa mishahara, au ya chama cha mpira chenye muhuri? Kisa cha Havana kinajibu kwa namna inayouma. Karatasini, Wafalme wa Sukari walikuwa mali ya Maduro, na nafasi yao ilikuwa mali ya ligi. Wale watu waliojaza uwanja mara tano katika juma moja la Oktoba hawakuandikwa popote. Basi ilipofika siku ya kuamua, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwauliza. Mwenye muhuri aliamua, na mwenye machozi akabaki na machozi.

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wakuu wa Washington na wakuu wa Havana walikuwa na ugomvi wao, na kila upande ulikuwa na sababu zake, ambazo leo si mada yangu. Lakini timu ile haikutaifisha kiwanda wala haikukata ununuzi wa sukari. Ilichukuliwa kwa sababu ilikuwa karibu na mkono, na haikuwa na mtu wa kuitetea.

Siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali nilimwuliza daktari kama kofia ile ndiyo ya Wafalme wa Sukari. Akacheka. Akasema hapana, ile ni kofia ya kawaida tu, aliinunua akiwa chuoni. Ya Wafalme wa Sukari ilikuwa ya baba yake. Mzee aliendelea kuivaa mpaka ikaisha kichwani, na ilipoisha hakununua nyingine, kwa sababu hazikuwa zikiuzwa tena.

Mpaka juma lijalo, panapo majaliwa, kwaheri.